Sitini ya Shangazi

Msusi alikuwa na miaka ishirini na tisa, na chuo cha uuguzi hakipokei aliyetimiza thelathini. Mtihani wa kuingia ni mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo matokeo yalipoingia kwenye simu yake, saluni nzima ilisimama, hata mwalimu, mteja aliyekuwa na povu mpaka masikioni.

"Lugha, asilimia themanini. Hesabu, arobaini," akasoma.

"Na chuo kinataka hamsini na tano tu ya maswali yote!" Shangazi yake, mwenye saluni, hakungoja kalamu. "Themanini na arobaini, mia na ishirini. Gawa kwa mbili, sitini! Umepita, mwanangu!"

Vigelegele nusura ving'oe bati. Muuza viatu wa jirani akachungulia kuuliza nani anaolewa. Msusi akavua aproni, akaitundika msumarini kama anayeiaga.

"Maswali yalikuwa mangapi?" mwalimu akauliza.

"Ya lugha ishirini. Ya hesabu sitini."

Mwalimu akafuta povu jichoni. "Basi lugha umepata kumi na sita, hesabu ishirini na nne. Arobaini kati ya themanini. Ni hamsini, mdogo wangu."

"We mwalimu una husda!" Shangazi akafoka. "Kichwa kimejaa povu na bado unakokotoa!"

"Hesabu ina maswali mara tatu, Shangazi. Inavutia kwake."

Muuza viatu akaondoka kinyumenyume.

Msusi hakubisha, na hapo ndipo palipomuuma. Kila siku alichanganya rangi za nywele: kikombe kimoja cha iliyokoza, vitatu vya iliyofifia, wala hakuwahi kutegemea ipatikane rangi ya katikati kabisa. Mkono ulijua. Tena swali la arobaini na moja la mtihani wa hesabu lilikuwa hilo hilo, wastani wa madarasa mawili, moja dogo, moja kubwa. Alijumlisha, akagawa kwa mbili, akasonga mbele akijisifu kwa wepesi. Ndivyo Shangazi, aliyemlea, alivyomfundisha tangu utotoni, kwa mapenzi yote.

Akaitungua aproni.

"Sitini ni sitini," Shangazi akanung'unika. "Watakuwa wamekosea wao."

"Ndiyo, Shangazi. Inama, mwalimu, povu linakauka."

Akafungulia maji, safari hii bila kuyapima kwanza kwa kiwiko. Mwalimu akaruka kidogo kwa ule moto wa maji, akauma meno.