Mshono wa Kwapani

Haya nilisimuliwa na fundi mwenyewe, Jumatatu ya juzi, nimesimama mikono juu kama mwizi huku akinipima gauni. Nimeyaweka kama alivyoyasema. Vicheko tu ndivyo nilivyopunguza.

Fundi huyo wa cherehani ana watoto wawili: binti wa darasa la nne, na mdogo wake wa kiume wa darasa la pili, ambaye mtaa mzima unamwita Redio. Wote walisoma shule ya bondeni, hatua chache toka mlangoni kwao. Binti alizaliwa na maswali mdomoni. Alipokuwa mdogo alimuuliza mteja mmoja kwa nini tumbo lake hufika kabla yake. Lakini tangu aingie darasa la watoto tisini, maswali yakamkauka. Ukimuuliza jioni, "Leo mmefanya nini, mwanangu?" anajibu, "Tumeandika." Basi. Hilo lilimnyima mama mtu raha: mtoto yumo nyumbani, sauti yake imehama.

Watu waliisifu shule ya kilimani. Mumewe, fundi mwashi, hakutaka kuisikia.

"Ni mbali. Na mimi si nilisoma hapa bondeni? Nimepungukiwa nini?"

"Juzi umeandika ukutani kwa watu, 'Rangi mbichi, usiguze.'"

"Kuna aliyegusa?"

Na kweli, hakuna aliyegusa.

Sasa mwezi ule akaletewa mashati manne ya shule ya kilimani, yote aliyashona yeye, na yote yamefumuka mahali pamoja: kwapani, mkono wa kulia.

"Fundi, siku hizi unashonea mate?" mama mmoja akamtania.

Fundi akaona haya. Kesho yake akafunga duka, akapanda kilima kwenda kuangalia watoto wale wanazifanyia nini nguo zake. Akasimama kwenye dirisha la darasa moja. Ndani, mwalimu alikuwa ameinua sahani tupu.

"Jana niliacha maji humu. Nani kayanywa?"

Mikono ikafyatuka juu kama mahindi shambani. "Mimi, mwalimu! Mimi!" Kitoto kimoja cha mbele kikasimama kwa ncha za vidole, kikajivuta, kikajivuta, na fundi akasikia kwa masikio yake mawili: chwaa! Shati limekwenda. Mwenyewe hata hakujua, anaendelea kupunga.

"Kumbe uzi wangu hauna kosa!" fundi akapayuka, darasa zima likageuka.

Akaenda kuulizia nafasi. Mwalimu mkuu akamwambia zimebaki nafasi mbili tu, na kesho kabla ya kengele ya kwanza atazigawa. Fundi aliteremka kile kilima mbio, kanga mkononi, akasahau umri wake.

Nyumbani akalitoa shati la binti yake. Miaka miwili limevaliwa: kola imechakaa, mgongo umepauka. Akaligeuza ndani nje. Mshono wa kwapani ulikuwa mzima kama siku ulipotoka kwenye cherehani. Akakaa chini nalo.

Mume aliporudi, saruji ingali vidoleni, akatandikiwa mashati mawili mkekani, la binti na moja la kilimani lililofumuka, akaelezwa yote. Akayapapasa kama anayepima ukuta.

"Mama watoto, nguo ikidumu si sifa yako?"

"Muulize mwanao."

Akamwita binti. "Mama, mwaka huu darasani umenyoosha mkono mara ngapi?"

Binti akafikiri. "Mara moja, baba."

"Uliulizwa nini?"

"Sikuulizwa. Nilitaka kwenda chooni."

"Ukaruhusiwa?"

"Mwalimu hakuniona. Tuko wengi."

Baba akalikunja shati la binti taratibu, akaliweka pembeni.

"Kesho wote wawili kilimani," akasema. "Nitawapeleka kwa baiskeli mwenyewe."

Weee! Redio alipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Binti akamrukia baba shingoni, saruji na yote. Baiskeli ikaingizwa sebuleni ili wajaribu kukaa: binti nyuma, Redio mbele, wakaanguka wote kwenye kikapu cha vitambaa. Ndipo binti akaanza. Shule ile ina madirisha mangapi? Mwalimu ni mkali? Yale maji ya sahani aliyanywa nani?

"Utamuuliza mwalimu mwenyewe," mama akamwambia, na machozi yakamlengalenga.

Redio akalala na viatu. Binti akalala katikati ya swali. Akabaki yule aliyesema ni mbali.

"Tukitoka saa kumi na mbili tutawahi?"

"Mtawahi."

"Na mvua ikinyesha?"

"Nitawashonea makoti."

"Hivi, mama watoto, 'usiguse' inaandikwaje hasa?"

Fundi alicheka mpaka kitanda kikalia, akamtajia herufi moja moja. Alipofika ya mwisho mumewe alikuwa anakoroma. Akavuta shuka, akageukia ukutani, usingizi ukamchukua.