Kamba ya Jaozandry

Jumamosi moja ya mwaka 1979, saa tisa alasiri, Jaozandry, karani wa mizani katika kiwanda cha sukari huko Dzamandzar, aliingia kanisani kuungama akiwa na kamba kiunoni. Ilikuwa kamba ya rafia, kama zile za kufungia miwa, na ilimwota mwilini Jumatatu ya wiki hiyo, mara tu baada ya kusaini karatasi. Mkewe alijaribu kuikata kwa kisu cha samaki, akaona anakiharibu kisu bure, akarudi jikoni.

Karatasi ilisema kwamba Ahamada, bawabu, ndiye aliyewafungulia geti wezi wa sukari. Wezi hawakuwapo. Msimamizi wa kiwanda aliichukua sukari mwenyewe, mchana kweupe, na Jaozandry akamsaidia kupakia. Ahamada alifukuzwa, akahamia kisiwa cha Nosy Komba na mkewe Zalifa. Kazi hakuililia sana. Kilichomuuma ni kuitwa mwizi hata msikitini.

“Niliamriwa,” Jaozandry alimwambia padri. Kamba ikarefuka dhiraa moja.

Padri, mzee mwenye goti bovu, aliisogeza kwa mguu asije akajikwaa. Akauliza kama msimamizi alimshika mkono, au alimtisha. Hapana, msimamizi alisema tu kwamba akisaini ingependeza. Basi ulikuwa huru, padri akamwambia, na uhuru si kufanya utakalo. Ni kuweza kutenda jema, na kuitika ukiulizwa nani katenda baya. Kisha akaifuata kamba kwa macho. Ncha yake ilikuwa ndani ya ngumi ya Jaozandry mwenyewe.

“Niamuru niiachie, padri.”

“Nikikuamuru itarefuka. Nenda kwanza ukamrudishie mtu jina lake.”

Jaozandry akaona heri aanzie Nosy Komba, ambako msimamizi hayupo. Akavuka kwa boti, kamba begani. Zalifa alikuwa akifua vitambaa vya meza alivyotarizi, na Ahamada akivikamua. Jaozandry akawaomba radhi, akaeleza kwamba aliamriwa. Kamba ikarefuka mpaka kwenye mpapai. Zalifa akaizungusha kwenye shina, akaanza kuanika.

“Kayaseme kwenye geti la kiwanda,” Ahamada alisema, “na hilo la kuamriwa uliache hapa.”

“Nitaomba ruhusa kazini,” alijibu Jaozandry, na kamba ikaongezeka kidogo.

Zalifa alibakiwa na kitambaa kimoja mkononi. “Shemeji, sema tena. Kamba haitoshi kwa pima moja.”

Akasema tena.

Tangu hapo huvuka kila Jumamosi. Msimamizi alishakufa, kiwanda kimefungwa, na wa kuombwa ruhusa hayupo. Jaozandry, mzee sasa, husimama mbele ya mpapai, ngumi kaifumba, mpaka nguo zikauke. Zalifa humletea kiti na chai. Ahamada humsalimia vizuri, kisha humuuliza kama ameshafika getini, naye hujibu kwamba bado hajaambiwa.

Vitambaa vya Zalifa vinasifiwa kwa weupe. Huko Dzamandzar, Ahamada akitajwa, watu huuliza kama ni yule mwizi wa sukari.