Kiko cha Bibi Esnath

Atupele alipeleka kiko cha mama yake, Bibi Esnath, kwa Sauda, fundi wa kuchonga mbao mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu. Daktari alikuwa amemkataza mama huyo tumbaku kwa sababu ya kifua, lakini bila kiko mdomoni hakuwa na raha.

“Kisafishe, kisha uzibe tundu la moshi kwa ndani, asijue,” Atupele alisema.

Sauda alivaa barakoa, akalowesha msasa ili vumbi lisiruke, akakwangua taratibu masizi ya miaka mingi. Vanishi hakupaka, kwa kuwa kiko ni kitu cha kutia mdomoni. Alisugua nta ya nyuki mpaka wekundu wa mti ukaonekana tena. Lakini kila aliposhika kijiti cha kuzibia, alikirudisha mezani. Aliona si haki kumdanganya mtu mzima kwa kitu chake mwenyewe.

Jumapili walikwenda pamoja Nkunga, kijijini kwa mama huyo. Sauda alimkabidhi Bibi Esnath kiko na kijiti.

“Bibi, hiki ni cha kuziba tundu. Mwanao ndivyo alivyotaka, anahofia afya yako. Mimi nimekuachia uamue.”

Atupele aliinamisha uso. Bibi alitia kiko mdomoni, akavuta hewa tupu.

“Kiache wazi,” alisema akimrudishia Sauda kijiti. Kisha akamgeukia binti yake. “Kopo la tumbaku liko chini ya kitanda. Lichukue, ukaimwage migombani.”

Atupele aliinuka, akaingia ndani kulitafuta.