Jumatatu Ambazo Hakuchuma

"Una ushahidi gani kwamba ulikuwa unafuatilia?" jaji aliuliza, bila ukali.

Bochaberi akainua mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na vikaratasi vya kituo cha kununulia chai, vya miaka sita, vimefungwa kwa uzi mwaka kwa mwaka. Kuvipanga tu kulimla siku tatu.

"Mheshimiwa, mimi huchuma Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nikipeleka majani napimiwa, napewa karatasi. Sasa angalia Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi. Hakuna karatasi! Siku hiyo nilikuwa hapa chini, dirishani, nauliza kama kesi imepigwa chapa."

Mumewe alipofariki, shemeji yake Ombasa alilidai shamba la chai, na mahakama ya chini ikampa. Bochaberi akakata rufaa, akaruhusiwa kuendelea kuchuma mpaka isikizwe. Lakini rufaa haisikizwi mpaka maneno yote ya kesi ya kwanza yapigwe chapa. "Bado, mama, njoo mwezi ujao," makarani walimwambia, naye akaja, mwezi baada ya mwezi, mpaka rufaa ikafutwa kwa sababu eti haikufuatiliwa. Haikufuatiliwa! Viatu alivyomaliza kwenye njia hiyo vingejaza gunia. Leo alikuwa anaomba irudishwe. Ikikataliwa, mashina aliyoyapanda kwa mikono yake ni ya Ombasa.

Wakili wa Ombasa akasimama. "Mheshimiwa, karatasi isiyokuwepo inaweza kuwa ushahidi wa nini? Pengine alikuwa mgonjwa. Pengine alikuwa harusini."

"Harusi gani ya kila mwezi?" Bochaberi akamrukia.

Watu wakacheka, na kwa dakika moja chumba kizima kilikuwa upande wake. Ila kicheko hakiandikwi kwenye faili.

"Mama," jaji akasema, "uliwahi kuandika barua? Hata moja?"

"Barua ya nini, Mheshimiwa, na miguu ninayo? Nilikuja mwenyewe."

Jaji akavua miwani. Alionekana kumhurumia, na huruma hiyo ndiyo iliyomtia Bochaberi hofu. Faili, jaji alisema, haina hatua yoyote kwa miaka sita, naye hana budi kuifuata faili. Ombi limekataliwa.

Nje, Ombasa alikuwa akimngoja kwenye ngazi.

"Pumzika sasa, shemeji. Chai nitaichuma mwenyewe."

"Wewe? Na mgongo huo uliozoea kiti cha baa?"

Akampita. Hakujua aende wapi, akaenda kule alikozoea. Karani wa dirishani alikuwa mgeni, kijana mchangamfu. Bochaberi akamtajia nambari ya kesi kwa kichwa, kama mtu anayetaja jina la mwanawe.

"Imepigwa chapa?"

Karani akaingia ndani, akakawia, akarudi amekumbatia kitita kinene cha karatasi.

"Una bahati, mama! Imetoka Alhamisi."

Bochaberi akaviweka vidole juu ya kitita, asikivute.

"Na hapa," karani akasema, akimsogezea daftari na kalamu. "Weka sahihi, tujue ulikuja."

Akaishika kalamu. Alilitazama muda mrefu daftari ambalo kwa miaka sita hakuwahi kusogezewa.

"Mama," mtu akasema nyuma yake, "kuna foleni."