Kadi ya Pacha Mzima

Hapana bwana, hawakugombania mwanamke, nani kakudanganya? Waligombania tezi dume. Cheka tu, lakini ndivyo ilivyokuwa, na ngoja nikusimulie taratibu usije ukaipotosha huko mbele.

Walikuwa mapacha, wamefanana kama macho mawili ya mtu mmoja. Aliyetangulia kuzaliwa ni Fundi Viatu, akafuata Fundi Makochi, na hizo dakika kumi walizopishana Fundi Makochi hakuzisamehe mpaka ndevu zikawa nyeupe. Dakika kumi tu, anaitwa mdogo! Dakika kumi tu, na nyundo ya baba yao, ile yenye mpini uliobonyea mahali pa dole gumba, ikaenda kwa mwenzake. Akaumeza wivu wake, ukamkaa tumboni kama jiwe.

Sasa uzee ukawakuta wote wawili na saratani ya tezi dume, mwaka mmoja. Hapo Fundi Makochi, usimwambie mtu, alifarijika kidogo. Angalau hili tumegawiwa sawasawa, akasema moyoni. Kumbe wapi! Ya kaka yake imelala, anapimwa damu tu kila baada ya miezi mitatu. Yake yeye inatembea, daktari anataka kumwanzishia sindano.

"Tumbo moja, titi moja," akamlalamikia daktari. "Yake ilale, yangu itembee? Kwa nini?"

Daktari alikuwa binti mdogo tu, lakini ana subira. Akasema, "Baba, ukifungua kochi la zamani unakuta nini ndani?"

"Sponji iliyochoka. Imekuwa unga. Na ukiiacha humo ukabandika mpya juu yake, inaiharibu na hiyo mpya."

"Basi mwilini nako kuna chembe za namna hiyo. Zimezeeka, hazizai tena, lakini kufa hazitaki. Zimekaa tu zinawamwagia majirani sumu, na saratani inanenepea hapo hapo. Mwili una askari wa kuzifagia. Ila askari nao wanazeeka, baba. Wengine wanachoka. Wengine wanarubuniwa, wanaishia kumlinda mwizi."

"Kwa hiyo askari wa kaka hawajachoka."

"Huenda. Hata mapacha, kila mwili unazeeka kivyake. Yote hatuyajui bado. Lakini sindano itaibana hiyo ya kwako, usichelewe."

Unafikiri alisikia habari ya sindano? Alichosikia ni kwamba kaka kapewa askari wazuri. Ukubwa wake, nyundo yake, sasa na askari wake! Tangu siku hiyo, kila akichana kochi anamwona kaka yake ng'ambo ya barabara anagonga soli huku anapiga mluzi, na roho inamuuma. Hata ule mluzi aliuona wa kumringia.

Siku ya kupima ikafika, wakaenda pamoja. Kadi mbili za kijani, jina la baba moja. Fundi Viatu miwani husahau kila siku, kwa hiyo kadi zote hushikwa na mdogo wake. Wakaitwa kutoa damu. Fundi Makochi akampa kaka yake kadi, akabaki na nyingine. Aliyompa ilikuwa yake mwenyewe.

Hakumtakia mabaya, nakuapia. Alitaka, japo mara moja maishani, asomewe maneno mazuri kwa jina lake.

Wakarudi wiki iliyofuata kuchukua majibu, kila mmoja kwa zamu yake. Akasomewa kweli. "Baba, umenishangaza! Kipimo kimeshuka. Sindano tuiahirishe kwanza, tutapima tena." Akatoka kifua mbele mpaka getini. Hapo akamkuta kaka yake amekaa kwenye ukingo wa ukuta, kofia mkononi.

"Yangu imeamka, mdogo wangu," akasema Fundi Viatu. "Jumatatu naanza sindano."

Fundi Makochi akaitia kadi yake mfukoni, wakaondoka.

Siku tatu hapakuwa na mluzi. Kumbe karakana bila ule mluzi haikaliki! Misumari ilikuwa inampinda, kitambaa kinakwenda upogo. Kile alichokuwa anakililia kakipata, na hakina ladha.

Jumapili mchana Fundi Viatu akaja kwa mdogo wake, chakula ndiyo kinapakuliwa. Hakukaa. Akatoa nyundo ya baba mfukoni, akamwekea mkononi.

"Chukua. Mimi sijui nitafika wapi."

"Kaka..."

"Subiri nimalize. Nilikuwa naona haya, wewe. Wewe unaumwa, mimi mzima, tumetoka pamoja. Nilikuwa napiga mluzi ili usijue kwamba nalia. Sasa angalau tuko sawa."

Fundi Makochi akaitazama nyundo. Dole gumba lake likaingia pale palipobonyea, likaenea sawasawa. Machozi yakamtoka kama mtoto.

"Damu ile ni yangu," akasema. "Nilibadilisha kadi. Yako bado imelala, kaka. Iliyoamka ni ya kwangu."

Mke wa Fundi Makochi akasimama na upawa hewani.

"Mwehu wewe!" Fundi Viatu akapiga kelele. "Siku tatu naviaga viatu vya watu! Mpaka ndala nimeziaga!"

"Nisamehe."

"Kesho ningechomwa sindano isiyo yangu! Na wewe ungekaa hapa unaoza na jina zuri!"

"Shemeji, mpige," akasema mke. "Mimi nitamshika."

Fundi Viatu akainua mkono kweli. Halafu ukaishia begani kwa mdogo wake, ukabaki hapo.

"Kesho asubuhi tunakwenda wote. Unamweleza yule binti mwenyewe, kwa mdomo wako. Tunatoa damu upya. Na sindano unachoma."

"Nachoma. Utanishikia kadi?"

"Nakushika wewe. Kadi atashika shemeji. Na nitavaa miwani."

"Nyundo yako hii."

"Kaa nayo mpaka umalize sindano. Ukifa sikuachii, naichukua."

Fundi Makochi akacheka huku kamasi zinamtoka. Mke akaishika ile nyundo kwa vidole viwili, akaiweka juu ya kabati, mbali na sahani. "Nendeni mkanawe," akasema, "wazee wazima mnalia mbele ya mboga." Wakanawa kwenye beseni moja, wakagombania taulo kidogo. Kisha wakavuta viti, wote watatu wakakaa, wakala.