Magoli ya Jezi Namba Tisa

Siku ile mjinga alikuwa Zihindula, na mwenyewe hakatai. Huisimulia akicheka mpaka tumbo linatikisika.

Aliingia kifua mbele dukani kwa Mama Nzigire, kule mtaa wa South End, mjini Louisville, Marekani. Asubuhi hiyo karatasi ya kwanza ya takwimu za magoli ilikuwa imebandikwa ukutani, juu ya friza la samaki. Miaka minane timu za Wakongomani wa Louisville, Columbus na Buffalo zilikuwa zikikutana kila kiangazi, na matokeo yalikaa midomoni tu; kila mji ulikumbuka siku ulizoshinda. Mama Nzigire peke yake ndiye aliyeandika, mechi kwa mechi, katika daftari kuukuu la binti yake. Sasa amechapa, na Jumapili mfungaji bora angevishwa medali mbele ya miji yote mitatu. Zihindula alikwisha kununua suti.

Akasoma. Wa kwanza Cubaka, mchezaji mwenzake wa zamani aliyehamia Columbus. Yeye wa tatu: magoli kumi na moja.

"Mama, umenichinja! Kila mtu anajua namba tisa wa Louisville amefunga ishirini na sita. Namba tisa ni nani kama si mimi?"

"Bon, papa, kaa kwanza. Kunywa fanta," alisema Mama Nzigire, akichanganya Kifaransa kama Wakongomani wenzake.

"Sikai! Fungua daftari."

Akalifungua. Miaka ya mwanzo wachezaji hakuwajua majina, akaandika namba tu. Tisa, tisa, tisa. Zihindula akawageukia wateja kama wakili aliyeshinda kesi. "Mmeona?"

"Donc umesahau tulikuwa na jezi ngapi? Kumi na moja, za kupewa na kanisa! Anayetoka anavua, anayeingia anavaa na jasho la mwenzake. Hiyo tisa imevaliwa na watu watano. Mimi nilifuata viatu, mpaka nikawajua wenyewe."

Kweli, pembeni mwa kila tisa palikuwa na maandishi madogo: vyeupe, vyeusi vya kamba moja, vyekundu. Zihindula akajikuta anatabasamu. Vyekundu vilikuwa vyake, alivinunua kwa mshahara wa kwanza wa ghala la Jeffersontown. Ila kushindwa hivihivi, mbele za watu, hapana.

"Sawa. Lakini yale magoli matatu tuliyowafunga Buffalo ni yangu! Nasikia mpaka leo watu wakipiga kelele: namba tisa, namba tisa!"

Mama Nzigire akalamba kidole, akafunua ukurasa.

"Ulisikia vizuri, papa. Ulikuwa umelala garini, dirisha wazi. Nimeandika hata dakika uliyoanza kukoroma."