Mitungi Sita ya Msikitini

Mwaka wa pili tangu garimoshi la Wajerumani lianze kufika Morogoro, vyungu vya Mwanaheri wa Kilakala vilianza kupasuka motoni. Mara ya kwanza alilaumu kuni mbichi. Mara ya pili, upepo ulioshuka kutoka milimani. Jamaa zake waliitikia, kwa kuwa alikuwa mkubwa wao. Kisha Ahmadi, msimamizi wa msikiti, akaagiza mitungi sita ya maji ya kutawadhia, akaongeza kwa upole kwamba isipopatikana kabla ya Ramadhani, itambidi anunue mapipa ya bati dukani kwa Vinubhai. Mwanaheri alielewa. Msikiti ukitumia bati, nyumba za jirani zitafuata, na kazi aliyorithi kwa mama yake itaishia mikononi mwake.

Siku ya soko alikaa nyuma ya vyungu vichache vilivyosalimika. Mwanamke wa makamo, aliyeshuka mlimani na mzigo wa ndizi, aliinama, akagonga kimoja kwa kidole na kutega sikio.

“Shikamoo, mama. Hiki kina kikohozi.”

“Marahaba. Na wewe una ulimi. Wa ukoo gani?”

Mwanamke akautaja ukoo wake, na Mwanaheri akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi. Koo zao zilikuwa na utani tangu zamani: mtu wa upande mmoja aliweza kumtukana wa upande wa pili, hata kumchukulia kitu chake, wala asichukiwe.

“Basi chungu ni changu,” alisema mgeni, ambaye jina lake lilikuwa Mwaisha, akikitia kikapuni. “Nawaokoa wateja wako wasimwagikiwe na mchuzi.”

“Mwizi mkubwa. Kina ubaya gani?”

Mwaisha alikitoa tena, akapitisha ukucha ndani ya ukingo mpaka ukakwama. Akabandua kibanzi, na chini yake ikaonekana kokoto nyeupe, ndogo kama punje ya mtama.

“Udongo haukuchambuliwa. Vidole vyako vimelala, mtani. Jamaa zako hawakukwambia?”

Mwanaheri alizitazama ncha za vidole vyake. Zilikuwa na ganzi tangu masika. Alijua, lakini hakuwahi kulitamka hilo hata akiwa peke yake.

“Wananiheshimu,” alisema.

“Wanakuheshimu mpaka vyungu viishe.”

“Wewe umeyajulia wapi haya?”

“Kwa shangazi yangu. Nilimchambulia udongo miaka saba. Kufinyanga hakunifundisha: yeye wa ukoo wa baba, mimi wa ukoo wa mama, na kazi haivuki ukoo. Sasa ni mjane, natafuta kazi.”

Jioni hiyo Hatibu, mtoto wa dada yake Mwanaheri, alimkuta Mwaisha uani, mikono imezama katika udongo.

“Mama mkubwa, kazi hii ni ya ukoo wetu. Hufundishwa binti wa dada.”

“Dada yangu kazaa wanaume watatu. Utakaa wewe ufinyange?”

Hatibu alijikuna shingo. “Basi achambue tu. Asifundishwe.”

Wakakubaliana hivyo. Mwaisha alichambua kokoto na mizizi. Mwanaheri alifinyanga mitungi sita. Lakini usoni mwake mlikuwa na jambo lisilotulia, na asubuhi moja, kabla Mwaisha hajafika, aliuchambua udongo mwenyewe, akafinyanga mtungi wa saba, kuvijaribu vidole vyake.

Siku ya kuchoma, wakiwa wamesimama watatu kando ya rundo la kuni na nyasi kavu, mlio mkali ulisikika ndani ya moto, ukafuatwa na mwingine. Majivu yalipopoa walitoa mitungi mitano mizima na vigae vya miwili. Hatibu akamgeukia Mwaisha.

“Umeona? Hivi ndivyo mgeni anavyochambua.”

Mwaisha aliinama, akaokota kigae na kukipapasa kwa ukucha.

“Mwache,” alisema Mwanaheri. “Uliopasuka kwanza ni wangu, ule wa saba. Udongo wake niliuchambua mwenyewe, na vigae vyake vikaupasua wa pili. Vidole vyangu havisikii, Hatibu. Vimekufa tangu masika.”

Hatibu aliinamisha macho. “Pole, mama mkubwa. Tuliviona vyungu. Tulikosa pa kuanzia.”

Ahmadi aliipokea mitungi mitano, akaigonga mmoja mmoja, akakubali kuusubiri wa sita siku kumi. Mwanaheri aliporudi nyumbani alitandika mkeka, akamketisha Mwaisha mbele ya bonge la udongo, na kuishika mikono yake akiwa nyuma yake.

“Dole gumba ndani. Zungusha mkono, usiuzungushe udongo.”

Hatibu alisimama mlangoni akiitazama mikono ile. Kisha, bila kuambiwa, akabeba ndoo kwenda kuwatekea maji.

“Huu mtungi au mlevi?” aliuliza Mwanaheri, akiuangalia ulivyolalia upande.

“Mwulize aliyenifundisha.”

“Bomoa, mtani. Anza tena.”

Mwaisha akabomoa, akaanza tena.